Sheria ya moto ianzie mtaani

Jioni ikiingia, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam iliyo mbali na lami, moshi huanza kupanda nyuma ya nyumba. Anayesogea karibu na lundo huona lina nini: majani ya mwembe yaliyofagiwa asubuhi, maganda ya ndizi ambayo bado yana maji, pampasi tatu nne za mtoto, chupa za soda, kandambili zilizokatika, nailoni zilizofungia mkate, betri za rimoti, na kopo la dawa ya mbu ambalo likipata joto hupasuka kwa kishindo na kurusha makaa hadi kwenye kamba ya nguo za jirani. Juu ya lundo miali hudumu dakika chache. Chini yake moto hufukuta usiku kucha, na asubuhi jivu huzolewa likamwagwa kwenye tuta la mchicha.

Hakuna anayefanya hivyo kwa nia mbaya. Uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba, na watu wengi walio na umri wa makamo wamelelewa wakiona taka zikichomwa kila jioni bila mtu yeyote kuumwa. Ila lundo lenyewe limebadilika. Kilichokuwa kikichomwa miaka ile ni majani, makumbi ya nazi, magunzi na vipande vya makuti ya zamani. Leo kinachoteketea kimechanganyika na vitu vingi vya kiwandani, na moshi wake ni mwingine kabisa.

Mwaka 2014, kundi la watafiti lililoongozwa na mwanasayansi wa Marekani Christine Wiedinmyer lilikadiria kwamba takribani asilimia 41 ya taka zote za dunia huchomwa hewani, bila tanuri wala chujio. Sehemu kubwa huchomwa na watu wa kawaida, uani na pembeni mwa barabara, katika nchi ambazo gari la taka halifiki kila mlango. Afrika Mashariki imo katika hesabu hiyo.

Ubaya wa moto huu ni kwamba hauna nguvu ya kutosha. Tanuri la kisasa la kuteketezea taka huwekwa kwenye joto la nyuzi 850 na zaidi ili sumu zivunjike, kisha moshi hupitishwa kwenye vichujio. Lundo la uani, ambalo zaidi ya nusu yake ni mabaki ya jikoni yenye maji, halifiki huko. Linafukuta kwa joto la chini na hewa haba, na hayo ndiyo mazingira ambamo plastiki yenye klorini, kama ile ya kwenye nyaya za umeme na baadhi ya viatu, huzaa sumu ziitwazo dioksini. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya na Tanzania ziliuridhia mwaka 2004, unautaja uchomaji wa taka hewani kuwa miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. Pamoja nazo kuna chembe za masizi zenye upana wa chini ya maikromita 2.5, wakati unywele wa mtu una takribani maikromita 70. Chembe ndogo kiasi hicho hazizuiwi na pua wala kikohozi. Huzama hadi kwenye vifuko vya mapafu na kupenya kwenye damu. Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka hadi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo.

Wanaofikiri sumu huondoka na moshi wanapaswa kuliangalia jivu. Mwaka 2005, mtandao wa kimataifa wa mashirika yanayopinga kemikali sumu, IPEN, ulipima mayai ya kuku wa kufugwa huria kutoka nchi mbalimbali. Mayai yaliyookotwa karibu na dampo la Dandora, Nairobi, ambako taka huungua mchana na usiku, yalikutwa na dioksini kupita kiwango kinachoruhusiwa na Umoja wa Ulaya. Sababu inaeleweka na kila aliyewahi kufuga: kuku wa kienyeji anashinda akiparua, na pahali anapopenda kuparua ni kwenye jivu. Anameza udongo, sumu inakaa kwenye mafuta yake, na yai linapelekwa mezani kwa mtoto.

Je, sheria zipo? Zipo, tena nyingi. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozikabidhi mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo za usafi zinazotaja faini kwa anayechoma au kutupa taka ovyo. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2022 ilipopitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayomtaka kila mwenye nyumba kutenganisha taka zinazooza na zile zisizooza. Kwenye karatasi, Afrika Mashariki haiko nyuma.

Tatizo ni kwamba sheria hizi zimeandikwa kana kwamba kila nyumba ina mbadala. Mama anayeishi bondeni, ambako gari halipiti na guta hupita likipenda, ana taka za siku nne mlangoni na mvua inakuja. Anazo njia tatu: kuzitupa mtoni, kuzifukia kwenye kiwanja chenye upana wa hatua kumi, au kuwasha kiberiti. Kumtoza faini kwa kuchagua ile ya tatu ni kumsukuma kwenye ile ya kwanza, kisha mwezi wa nne mtaro ukiziba na maji yakaingia ndani, halmashauri hiyohiyo itakuja kumlaumu kwa kutupa taka mtoni.

Hapa inafaa kukumbuka jinsi mfuko wa plastiki ulivyoshindwa. Zanzibar ilianza kuupiga vita mwaka 2006, Rwanda ikafuata 2008, Kenya ikaufungia tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wengi waliapa kwamba haitawezekana. Ikawezekana, na sababu haikuwa ukali peke yake. Ni kweli kwamba Tanzania iliweka faini ya shilingi 30,000 kwa anayekutwa na mfuko, kiasi kinachouma bila kumfilisi mtu. Lakini siku ya kwanza ya marufuku, mwenye genge alikuwa tayari ameshapata mifuko mbadala ya kuuza, vikapu vilikuwa vimerudi sokoni, na tarehe ilikuwa imetangazwa mapema hadi kila mtu akaijua. Katazo lilikuja limeshikana mkono na kitu cha kushika badala yake.

Katazo la kuchoma taka bado halijapata mwenzake.

Na mwenzake anajulikana. Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio lilishirikiana na wakazi kuanzisha ushirika wa wakusanya taka. Kaya hutenganisha taka nyumbani, wakusanyaji hupita mlango kwa mlango, mabaki ya jikoni hugeuzwa mboji na vinavyoweza kurejeshwa huuzwa. Hakuna mtambo wa mabilioni hapo. Kuna ratiba, kuna watu wanaolipwa, na kuna ndoo mbili jikoni badala ya moja. Ukiondoa mabaki ya jikoni kwenye lundo umeondoa zaidi ya nusu ya uzito wake, na kilichobaki ni kikavu, chepesi, na kwa sehemu kubwa kina mnunuzi: chupa, makopo, maboksi, vyuma chakavu. Lundo la kuchomwa linakuwa halipo tena.

Kwa hiyo hoja ya makala hii ni moja. Sheria ya moto inapaswa kuwa ndogo, ijulikane na kila mtu mtaani, na iende pamoja na huduma. Sheria ndogo ya namna hiyo ingeweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, dukani na msikitini au kanisani. Ingeanza na vitu visivyochomwa kamwe, saa yoyote na mahali popote: plastiki ya aina zote, matairi, nyaya, betri, pampasi, mbao zilizopakwa rangi au dawa, makopo ya kupulizia, dawa za hospitali. Hapo pasiwe na kibali wala msamaha. Vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba wanajulikana kila mtaa, na mnunuzi wao wa vyuma chakavu anajulikana zaidi. Yeye ndiye wa kuanza naye, kwa sababu akikataa kununua shaba iliyoungua, wao watanunua kisu cha kumenyea nyaya.

Majani na matawi makavu ni suala jingine, na hapa sheria inayosema "marufuku" bila kutofautisha hujiharibia heshima. Bora majani yawekwe chini ya migomba au yawe mboji. Lakini panapolazimu kuyachoma, sheria iseme lini na vipi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa upepo. Anajua kusi inavyovuma kati ya Juni na Septemba, wakati nyasi zimekauka, na anajua kwamba alasiri upepo wa bahari huongeza kasi. Cheche moja iliyobebwa na kusi ikatua kwenye paa la makuti haimpi mtu muda wa kutoa godoro. Sheria ndogo ya Bagamoyo, Kilwa au Nungwi isiyotaja kusi imeandikwa na mtu asiyekaa huko. Itaje miezi, itaje saa, itaje umbali kutoka kwenye paa la makuti na kutoka kwenye jiko la gesi la jirani, iseme ndoo mbili za maji na mchanga ziwe pembeni kabla ya kiberiti, na mtu mzima asiondoke mpaka jivu lishikike kwa mkono.

Majiko ya nyama choma ya nje yanahitaji maneno machache tu: yasikae chini ya makuti, yawe na pipa la chuma la kutupia jivu la moto, na moshi usielekezwe dirishani kwa watu. Mwenye baa hawezi kudai hana uwezo wa pipa. Huko Njombe, Makete na Lushoto, ambako Juni na Julai watu hukaa kuota moto uani, sheria isiwakataze. Iwakataze kulibeba jiko la mkaa kuliingiza chumbani wanapokwenda kulala, kwa maana gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu huua familia nzima usingizini, na habari hizo husikika karibu kila msimu wa baridi.

Kutoka uani hadi shambani ni hatua chache, na huko ndiko moto unapokuwa mkubwa kuliko aliyeuwasha. Tanzania ina jina lake: moto kichaa. Huanza na mkulima anayesafisha shamba mwezi wa tisa, na mrina asali aliyeacha mwenge kwenye shina la mti, na wawindaji wa ndezi wanaotaka mnyama atoke nyasini. Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 ulianza moto kwenye Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilieleza kwamba chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, walipanda kuuzima kwa matawi, majembe na mikono. Uliposhindwa, kilometa za mraba 95.5 zilikuwa zimeungua. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima uliwaka tena karibu na kambi ya Karanga.

Hasara ya moto ule haikuishia kwenye miti. Mtafiti Mjerumani Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, ameonesha kwamba moto wa mara kwa mara tangu miaka ya 1970 umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita katika baadhi ya sehemu. Miti ile ya juu hukinga ukungu na kuudondosha kuwa maji. Inapoungua, maji yanayopotea kwa wakulima wa Moshi na Hai ni mengi kuliko yale yanayopotea kwa kuyeyuka kwa barafu ya kileleni. Barafu ndiyo inayopigwa picha, lakini mfereji wa Mchagga unategemea zaidi ule msitu.

Baada ya matukio kama hayo, sauti husikika zikitaka moto upigwe marufuku kabisa vijijini. Huo ni mtego, na ushahidi upo. Uganda ilipitisha mwaka 1974, enzi za Idi Amin, sheria ya kukataza uchomaji wa nyasi, isipokuwa kwa idhini. Nusu karne imepita na kila kiangazi nyanda za Karamoja bado huwaka. Mfugaji anayetaka majani mabichi, ambaye idhini iko mbali naye, huchoma usiku na kukimbia. Moto uliowashwa na mtu anayekimbia ndio mbaya kuliko yote, maana hauna wa kuulinda.

Ngorongoro inatoa funzo la upande wa pili. Wamaasai walikuwa wakichoma majani makavu kwa utaratibu wao wa miaka mingi. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na desturi yao ya kuchoma ikasitishwa. Nyasi zikarefuka, zikazeeka, kupe wakapata makazi. Baada ya ukame wa mwaka 2000 nyati na wanyama wengine wengi walikufa, na watafiti waliofuatilia walikuta kupe kwa wingi usio wa kawaida. Kuanzia 2001 mamlaka ya hifadhi ikarudisha uchomaji wa kupangwa, eneo kwa eneo, na kupe wakapungua. Wazee waliokuwa wakichoma walikuwa wanajua walichokifanya, na ilichukua zaidi ya robo karne na mizoga mingi kukubali hilo.

Kilwa ni mfano ambao ungefaa kusomwa na kila diwani wa nchi hii. Shirika la MCDI, linaloshughulika na uhifadhi wa mpingo, lilifanya kazi na vijiji vyenye misitu yao wenyewe. Mwaka 2009, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Sehemu ya kazi yao ni moto. Wanakijiji huchoma mapema, mwanzoni mwa kiangazi, wakati nyasi bado zina unyevunyevu na moto unatambaa chini kwa chini. Huwashwa alasiri ili umande wa usiku uukute na kuuzima. Msitu wa miombo umeishi na moto maelfu ya miaka na miti yake mikubwa inaustahimili moto wa namna hiyo. Kinachoiua ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kavu kabisa, unaopanda hadi kwenye matawi. Ukichoma kwa mpango mwezi wa tano na wa sita, moto kichaa wa mwezi wa kumi haukuti cha kula.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu utaratibu wa namna hii: ina sehemu inayohusu uchomaji wa mimea, vibali na wajibu wa kushiriki kuzima. Kinachokosekana ni kibali kilicho karibu. Kama mkulima wa Handeni lazima apande basi kwenda wilayani kuomba ruhusa ya kuchoma robo eka, hataomba. Kibali kitolewe na halmashauri ya kijiji, bure, kwa maneno ya mdomo yaliyoandikwa kwenye daftari: jina, shamba, siku, saa, majirani wanne waliotaarifiwa, na barabara ya kuzuia moto iliyolimwa kuzunguka shamba. Mjumbe aende kuiona barabara hiyo kabla moto haujawashwa. Ni kazi ya nusu saa, na kamati za mazingira za vijiji zimeundwa kwa kazi za aina hiyo.

Kuhusu fataki, mengi hayahitaji kusemwa. Kila mwisho wa Desemba makamanda wa polisi wa mikoa hutangaza kukataza kuchoma matairi barabarani na kupiga fataki bila kibali, na kila mkesha wa mwaka mpya matairi huchomwa. Tanzania inayo Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na vibali vinajulikana vinakotoka. Lakini fataki zinauzwa waziwazi wiki nzima kabla ya sikukuu, zikiwemo zile njiti za cheche wanazopewa watoto wa miaka mitano, ambazo huwaka kwa joto la karibu nyuzi 1,000. Mtoto akikosa pesa ya fataki hujitengenezea kwa njiti ya spoku ya baiskeli, msumari na vichwa vya kiberiti, na vidole vinavyopotea kwa mchezo huo havirudi. Duka linalouza likaguliwe Novemba. Kuwakimbiza watoto usiku wa manane tarehe 31 hakusaidii kitu.

Na pale kibali kinapotolewa, kiangalie zaidi ya anga. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, katika jengo la maduka la Freedom City, barabara ya Entebbe, Kampala, umati uliokuwa kwenye tamasha ulijulishwa kwamba fataki zinapigwa nje. Watu wakakimbilia kutoka kuzitazama kupitia ujia mwembamba. Wasiopungua tisa walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa, wakiwemo watoto. Hakuna aliyeunguzwa na fataki. Mtoa kibali anayeuliza tu kuhusu baruti na asihesabu milango ya kutokea amefanya nusu ya kazi. Kuna pia wagonjwa wa moyo, watoto wachanga, na watu waliokimbia vita Kongo au Burundi ambao mlio huo unawarudisha mahali wasipotaka kurudi. Tangazo la saa kamili ya kupiga fataki, kwa dakika kumi na tano basi, lililosomwa redioni na kutumwa kwenye makundi ya simu ya mtaa, lingewapa nafasi ya kujiandaa.

Yote haya yanahitaji mahali pa kuanzia, na mahali hapo pako kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Kijiji kina uwezo wa kujitungia sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inapendekeza, wanakijiji wanajadili, na halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Mijini mtaa hauna uwezo huo, sheria ndogo hutungwa na manispaa au jiji, lakini mkutano wa mtaa unaweza kumbana diwani, na diwani ndiye anayepiga kura kwenye baraza. Mikutano hii mara nyingi huhudhuriwa na watu kumi na tano, na ajenda ni ulinzi shirikishi na michango. Iongezwe ajenda ya moto kabla ya kiangazi.

Maswali ya kuuliza huko ni ya kawaida kabisa. Mkandarasi wa taka amelipwa kwa siku ngapi kwa wiki, na amekuja siku ngapi mwezi uliopita? Ada ya taka iliyokusanywa iko wapi? Nyumba zilizo bondeni, guta linafika hadi wapi, na kuanzia hapo ni nani anabeba na kwa malipo gani? Kiwanja gani cha umma kinaweza kuwekwa shimo la mboji? Nani ana funguo za kisima kirefu usiku nyumba ikiungua, na je, kila kaya inajua kwamba namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114? Gari lao likifika, litapita wapi, maana vichochoro vingi vimezibwa na vibanda na kuta zilizosogezwa hatua kwa hatua?

Majibu yakishapatikana ndipo faini iwekwe, na iwe ndogo, ya papo kwa papo, yenye risiti, na fedha zibaki mtaani zilipe wabeba taka. Mtendaji asimtoze mtu yeyote katika mtaa ambao ratiba ya taka haijabandikwa ukutani na kufuatwa kwa walau miezi mitatu. Sharti hilo liandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe, ili mwananchi aliyeitwa kwenye baraza la kata kwa kosa la kuchoma pampasi aweze kusimama na kuuliza guta lilipita lini mara ya mwisho, na mtendaji alazimike kufungua daftari na kumjibu.